Diski Mpya Isiyoonekana

Mafunzo ya Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima, Morogoro

Natumaini mmekwisha kukaa, taa imewaka, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Na wewe uliyelikosa somo hili redioni, au uliyelisikia ukapenda kulisoma tena, maneno yote yamepigwa chapa hapa. Soma polepole. Ukikuta neno gumu, lipigie mstari, kisha umwulize mwalimu wako.

Leo tutazungumza juu ya kompyuta mpakato, ile ambayo wengi tunaiita laptopu. Najua mmoja wenu atasema, "Mwalimu, sisi tunajifunza kusoma na kuandika. Kompyuta ni mambo ya watoto wetu." Ngoja kidogo, ndugu yangu. Siku hizi vikundi vingi vya kuweka na kukopa huandika hesabu zake katika kompyuta. Hata hisa zako na deni lako vimo mle. Mashini hiyo ikiharibika, fedha yako ndiyo iliyo hatarini. Kwa hiyo yafaa ujue kidogo habari zake, ili mtu asikuambie neno lolote nawe ukalipokea tu.

Kwanza tujue diski ni kitu gani. Ndani ya kompyuta mna kifaa kiitwacho diski ngumu. Hilo ndilo daftari la kompyuta. Umeme ukizimika, maandishi yaliyomo hayafutiki. Diski ya kwanza ya namna hii ilitengenezwa na kampuni ya IBM ya Marekani, mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ina upana wa inchi 24, na mashini yake ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja. Pamoja na ukubwa huo wote, ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Leo diski ya laptopu huingia katika mfuko wa shati, nayo hubeba maandishi mara maelfu kuliko ile.

Ziko diski za namna mbili. Za zamani zina sahani inayozunguka ndani, na ukiiangusha huumia. Za siku hizi hazina kitu kinachozunguka. Hazina sauti, ni nyepesi, na hufanya kazi upesi. Watu wengi wakibadili diski ya zamani hununua hii ya pili.

Sasa sikilizeni yaliyotupata.

Katika darasa letu moja huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, kina mama wauza mboga walikuwa na kikundi chao cha kuweka na kukopa. Hesabu zao za miaka mitatu zilikuwa katika laptopu moja kuukuu. Siku moja laptopu ile ikaanza kugonga ndani, tik, tik, tik, na kila kitu kikawa kizito. Diski ilikuwa inakufa. Tukachanga fedha, nami nikashuka mjini Morogoro kununua diski mpya. Kabla ya kuifunga niliwaambia wanafunzi waandike katika madaftari yao maneno yaliyo juu ya lebo. Wakaandika: diski ya zamani, gigabaiti 500, diski mpya, gigabaiti 240. Gigabaiti ni kipimo cha ukubwa wa diski, kama vile debe lilivyo kipimo cha mahindi.

Tukaifunga diski mpya, tukawasha. Kioo kikawa cheusi, na juu yake yakatokea maneno meupe kusema kwamba hakuna diski ya kuwashia. Tukazima, tukawasha tena. Maneno yakawa yale yale.

Nikamwonyesha fundi mmoja. Aliitazama kwa dakika chache akasema ubao mkuu umeungua. Ubao mkuu ni kile kibao kikubwa cha ndani ambacho vifaa vyote huunganishwa nacho. Gharama aliyoitaja ilikaribia bei ya laptopu nyingine iliyokwisha tumika. Niliporudi na habari hiyo, kina mama wakanyamaza. Kisha mmoja akauliza, "Basi hesabu zetu zimekufa?"

Nami sikuwa na jibu.

Ndugu wanafunzi, ninyi mnaokaa Mgeta mnajua kumwagilia kwa mifereji. Maji yanatoka juu mlimani, yanafuata mfereji, yanapita shamba la huyu na la yule, mpaka yanafika kwenye matuta yako ya kabichi. Asubuhi moja unakuta mfereji mkavu. Je, utasema palepale kwamba chemchemi imekauka? Hasha. Unachukua jembe lako, unaufuata mfereji hatua kwa hatua. Hapa pana jani limeziba. Pale ukingo umebomoka. Kule mwenzio amegeuza maji usiku. Chemchemi utaiuliza mwisho.

Basi diski isiyoonekana ni kama maji yasiyofika. Usianze kwa kusema imekufa, wala usianze kwa kusema ubao umeungua. Fuata mfereji. Tena fanya jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha utazame. Ukibadili mambo matatu pamoja, hata kama itapona hutajua ni dawa ipi iliyoiponya.

Hatua ya kwanza: zima, usalimike.

Kabla hujagusa kitu, zima kompyuta kabisa na uchomoe waya wa chaji. Kama betri ni ya kutoka, itoe. Kama imefungwa ndani, mwache fundi aikate na umeme wake kwanza. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda wa sekunde 15 hivi, ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kwa mkono wako kabla ya kushika diski, maana mwili wa mtu huweza kubeba umeme kidogo usiouona, nao huharibu vifaa hivi.

Hatua ya pili: soma lebo.

Je, diski uliyonunua ndiyo inayofaa kompyuta hiyo? Kuna diski zenye umbo la kitabu kidogo, ziitwazo za inchi mbili na nusu. Hizi huitwa SATA. Mdomo wake una sehemu mbili: sehemu ya kupitisha habari ina meno 7, na sehemu ya umeme ina meno 15. Kuna na diski nyingine nyembamba kama kipande cha ubani wa kutafuna, ziitwazo M.2. Hizo M.2 nazo ni za namna mbili. Nyingine husema lugha ya SATA, na nyingine lugha iitwayo NVMe. Kwa macho hufanana sana, lakini kompyuta nyingine hujua lugha moja tu. Ukiiwekea isiyoijua, haitaiona, ijapokuwa diski ni nzima kabisa. Kwa hiyo soma lebo ya diski, usome na karatasi ya kompyuta, kabla ya kutoa fedha. Diski yetu ilikuwa ya SATA, na laptopu ilitaka SATA. Hapo hapakuwa na kosa.

Hatua ya tatu: iulize kompyuta yenyewe.

Hii ndiyo njia panda ya somo letu, basi sikiliza vizuri. Kila kompyuta ina programu ndogo inayoamka kabla ya nyingine zote. Mafundi huiita baiosi. Unapowasha tu, bonyeza mara kwa mara kitufe cha F2, au F10, au Esc, au Delete. Kila kampuni ina kitufe chake. Utaona orodha ya vifaa. Tafuta diski yako katika orodha ile.

Ukiikuta, maana yake maji yamefika. Tatizo lako ni dogo, nalo nitalieleza baadaye. Usipoikuta, maana yake maji yamekatika njiani, au chemchemi ni mbovu. Sisi tulitazama, hatukuikuta.

Hatua ya nne: jaribu diski mahali pengine.

Tulitoa diski, tukairudisha, tukatazama tena. Bado. Basi tukaazima laptopu nyingine nzima, pamoja na waya wa kuunganishia diski kwa nje kupitia USB. Tulitaka kujua kama diski mpya ni nzima.

Hapa, ndugu zangu, napenda niwaambie kosa langu, maana mwalimu naye hukosea.

Ilikuwa jioni, na umeme ulikuwa umekatika. Laptopu ya kuazima ilikuwa inatumia betri yake, nasi tulikuwa na mwanga wa simu tu. Diski mbili zilikuwa mezani, zimefungwa katika kitambaa kimoja. Nikachukua moja, nikaiunganisha. Kompyuta ikasema kwamba diski hii haisomeki, na kama nataka kuitumia hapana budi niitengeneze upya. Nikafurahi. Nilitazamia kwamba diski mpya, kwa kuwa ni tupu, itasema maneno kama hayo. Nikafungua orodha ya diski, nikaweka mshale juu ya neno FORMAT.

Mama mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu. Alipoanza darasa, tarakimu alizozijua ni zile za kwenye noti tu. Akasema, "Mwalimu, samahani. Ile mpya si ulituandikisha mia mbili na arobaini? Mbona hapa naona mia nne sitini na tano?"

Nikaondoa mkono.

Ile haikuwa diski mpya. Ilikuwa ya zamani, yenye hesabu za kina mama wote. Ilikuwa inakufa, ndiyo sababu haikusomeka, lakini hesabu zilikuwa bado zimo. Kama ningalibonyeza, huenda tungalizipoteza.

Labda utauliza: lebo ya zamani ilisema 500, kwa nini kioo kilisema 465? Wakulima wa Mgeta mnajua habari ya lumbesa. Gunia la mkulima na gunia la mnunuzi huitwa gunia, lakini vipimo vyake ni mbali mbali. Ndivyo ilivyo hapa. Kiwanda huhesabu kwa elfu, yaani 1,000. Kompyuta yenye Windows huhesabu kwa 1,024. Kwa hiyo diski ya 500 huonekana kama 465, na ya 240 huonekana kama 223. Hujaibiwa kitu. Lakini 465 haiwezi kuwa diski ya 240, na hilo mama yule aliliona kabla yangu.

Neno FORMAT lina herufi 6. Liandike sasa katika daftari lako: F, O, R, M, A, T. Maana yake ni kuandaa diski upya kana kwamba haina kitu. Ukiliona neno hili, ondoa mkono kwanza, ndipo usome ukubwa wa diski na jina lake. Diski yenye mali yako usiikubalie neno hilo, hata kompyuta ikikuomba mara kumi.

Basi, tukaichomoa diski ya zamani, tukaifunga peke yake na kuiandikia ZAMANI kwa kalamu ya wino. Tukaunganisha mpya. Ikatokea 223, tupu, haina shida. Chemchemi ilikuwa nzima!

Hatua ya tano: kagua njia.

Sasa tulijua mambo mawili. Diski mpya ni nzima. Na laptopu ilikuwa ikiiona diski ya zamani mpaka siku ile ile tulipoitoa. Je, yawezekana ubao mkuu umeungua saa ile ile ya kubadili diski? Yawezekana, lakini ni ajabu. Kwanza tazama palipo karibu: mdomo wa diski, waya mwembamba unaouunganisha na ubao, vumbi, kutu na unyevu. Milimani kwetu ukungu ni mwingi, na unyevu hula meno ya shaba. Tulifungua kwa bisibisi, tukatazama kwa mwanga wa mchana. Meno yalikuwa safi na waya ulikuwa mzima.

Ndipo kijana mmoja akaigusa diski kwa kidole, nayo ikacheza. Haikukaza. Tukapima kwa rula. Diski ya zamani ilikuwa na unene wa milimita 9 na nusu. Mpya, milimita 7. Pengo lilikuwa milimita 2 na nusu. Kila tulipofunga kifuniko, diski ilishuka kidogo, na mdomo wake ukaachana na meno. Hilo tu! Katika boksi la diski kulikuwamo fremu nyembamba ya plastiki. Sisi tulidhani ni kifungashio cha kutupa. Nayo karatasi iliyokuja pamoja nayo ilieleza kwa picha na maneno kwamba fremu ile ni ya kuongezea unene. Hakuna aliyeisoma, na wa kwanza wa kutoisoma ni mimi.

Tukabandika fremu, tukarudisha diski, tukakaza skrubu. Tukaingia katika baiosi. Diski ikaonekana katika orodha. Mfereji ulikuwa umezibuka.

Hatua ya sita: ionekanapo, lakini haifanyi kazi.

Tukawasha kwa furaha, na yale maneno meupe yakarudi! Wengine wakakata tamaa. Lakini sasa tatizo lilikuwa jingine kabisa. Diski mpya ni daftari ambalo halijaandikwa hata mstari mmoja. Kompyuta huiona, lakini haikuti programu kuu ya kuwashia. Kwa hiyo hapana budi kuipandikiza programu hiyo, aghalabu kutoka katika flashi iliyotayarishwa. Programu ya kupandikiza itakuuliza diski gani itumike. Hapo napo soma ukubwa kwanza. Usiache diski ya zamani imechomekwa, ili kosa lisipate nafasi.

Na kama diski mpya si ya kuwashia, bali ni ya pili ya kuongezea nafasi, huenda usiione mahali faili zinapoonekana. Fungua orodha ya diski ya Windows. Utaikuta imekaa bila jina, inangoja kuanzishwa na kugawiwa nafasi. Katika kompyuta za siku hizi chagua mpango uitwao GPT. Kuanzisha huku ni kwa diski mpya tu.

Jambo moja zaidi. Katika laptopu nyingine za miaka ya karibuni, baiosi huiona diski lakini programu ya kupandikiza haiioni. Hapo inakosa kiendeshi, yaani kijiprogramu cha kuiwezesha kuongea na diski. Hupatikana kwa kampuni iliyotengeneza laptopu. Wala usibadili kitu katika baiosi kabla ya kukiandika kilivyokuwa mwanzo.

Sasa, zile hesabu. Diski ya zamani hatukuiwasha tena. Diski inayogonga, kila unapoiwasha inazidi kuumia. Tuliipeleka kwa mtaalamu wa kuokoa maandishi, nasi tukapata sehemu kubwa ya hesabu. Miezi miwili ya mwisho haikusomeka. Tuliirudisha kwa kutumia madaftari, kwa kuwa katibu wa kikundi hakuwa ameacha kuandika kwa mkono. Kazi hiyo ilitushughulisha jioni nne. Mama yule aliyeniokoa alikuwa anasoma tarakimu, na katibu anazipiga.

Tangu siku ile kikundi kina sheria tatu. Kila mwisho wa juma hesabu hunakiliwa katika flashi, nayo hukaa nyumba nyingine, mbali na laptopu. Kila mwisho wa mwezi hupigwa chapa kwenye karatasi. Na kila kifaa kinaponunuliwa, stakabadhi hutunzwa, na karatasi yake husomwa kwa sauti mbele ya wote kabla boksi halijatupwa.

Tena sisemi kwamba msiwaamini mafundi. Fundi ni mtu wa maana sana. Lakini mwulize kwa adabu: "Je, umeitazama katika baiosi? Umeijaribu katika kompyuta nyingine?" Fundi mwema atafurahi kuulizwa.

Na sasa mazoezi. Yajibu katika daftari lako, kisha mjadiliane darasani.

1. Kwa nini tulijua kwamba diski mpya ni nzima kabla ya kuikagua njia yake?
2. Diski ya zamani ilikuwa na unene wa milimita 9 na nusu, mpya milimita 7. Pengo ni milimita ngapi?
3. Diski mpya inaonekana katika baiosi lakini kompyuta haiwaki. Taja sababu moja.
4. Andika neno FORMAT mara tano. Kisha andika sentensi moja ya kumweleza mwenzio ambaye hakuhudhuria ni jambo gani afanye akiliona.
5. Kikundi chako kinaweka hesabu zake wapi? Ziko nakala ngapi, na nani anazitunza?

Swali la tano usilijibu kwa kukisia. Nenda ukamwulize katibu wako, ukaone kwa macho yako.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.